Chombo Kilichopanda Kilima

Birmingham, 9 Mei 1983

Shangazi yangu mpenzi Bi Fakhriya,

Nashika miguu yako yote miwili, na naomba waraka huu ukukute barazani kwako Ibra, goti limetulia na mwanao Thabit keshalitengeneza lile feni. Mimi mzima. Baridi imepungua, siku hizi navaa sweta moja tu. Kozi ya maji inaendelea vizuri, na ofisi ya Nizwa wameniandikia kwamba nikirudi mwisho wa mwaka kazi yangu ipo palepale. Halwa uliyompa yule mwanafunzi imefika. Nusu kaila yeye njiani, lakini nusu iliyofika ilikuwa tamu. Nisalimie Thabit na watoto, nisalimie jirani yako Bi Kaltham, na ukipeleka salamu Sur kwa wakwe, usimsahau unayemjua.

Sasa nikupe khabari za Jumamosi, maana tangu nije huku sijapata siku kama ile.

Wazee walionipangisha chumba, Bwana Wilfred na mkewe Bi Enid, wana mashua. Usifikirie mashua za kwetu. Hii ni ndefu kama malori mawili yaliyofuatana, lakini nyembamba hata ukisimama ndani ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ndani mna jiko, kitanda, makabati yaliyochorwa mawaridi, na birika la chai lisiloshuka motoni. Haipiti baharini. Inapita kwenye mfereji uliochimbwa na watu zamani kwa kubebea makaa ya mawe. Kwa macho yetu ni falaji tu ya kunyweshea mitende, ila pana zaidi, na maji yake meusi kama kahawa.

Tuliondoka baada ya chai. Tulipokunywa chai ya pili, bado nalitazama paa la ile nyumba tuliyotoka. Pembeni kuna njia ya miguu. Mama mmoja akaja na mbwa wake, akatusalimia, akatupita. Baadaye akarudi kutoka huko alikokwenda, akatusalimia tena. Nikamwuliza Bwana Wilfred kama injini ina ugonjwa. Akashtuka, akapunguza mwendo. "Umesema kweli, Hashil, tunakwenda mbio mno. Tutawaamsha bata."

Basi tukenda. Mimi nimekaa mbele nimeninginiza miguu, Bi Enid ananiletea mkate wa siagi, miti imeinama pande zote mbili. Mara nikaona mbele yetu kilima. Nikamwambia, "Bwana Wilfred, kuna kilima." Akasema, "Ndiyo. Tutakipanda."

Na wallahi, Shangazi, tulikipanda. Kuna kama birika kubwa la mawe la kuwekea maji, lina mlango wa mbao mbele na mwingine nyuma. Mashua inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, halafu wanayaachia maji ya juu yaingie. Maji yanapanda na wewe unapanda nayo, taratibu, kama mtu ananyanyuliwa na kiganja. Yakilingana, mlango wa mbele unafunguliwa, na wewe unatoka uko juu zaidi kuliko ulivyoingia. Tukafanya hivyo mara nyingi mpaka kilima kikaisha. Kisha mlima wa pili hatukuupanda, tulipita tumboni mwake, kwenye tundu refu la giza lenye kudondoka maji. Tulipotoka upande wa pili, mfereji ukapita juu ya daraja. Nikachungulia chini nikaona ng'ombe anakula majani. Yeye yuko chini, sisi tuko juu yake, tunaelea.

Magharibi tukafika mji tuliokuwa tunauendea. Kwa basi ungefika kabla hujamaliza kusoma Yasin. Lakini kichwa changu kilikuwa kimetulia namna ambayo hakijatulia tangu Nizwa.

Mwanao,
Hashil


Ibra, 2 Juni 1983

Mwanangu Hashil,

Marahaba, na Mungu akuhifadhi na kila chenye kudhuru, cha nchi kavu na cha majini. Sisi wazima. Goti langu leo zuri, jana baya. Feni Thabit kalitengeneza, sasa linavuta upepo kuutoa nje, tukiliwasha mapazia yanapanda juu. Halafu kanunua friji ya pili. Nikamwuliza, ya nini, na ya kwanza haijajaa? Katia viatu vyake ndani. Anasema vinakuwa baridi vizuri asubuhi, na kweli juzi nilivaa vyangu nikakuta raha. Mkewe kanuna. Mtoto wao mdogo kaota jino. Kaltham anakusalimu.

Huyo Kaltham ndiye kaniponza. Barua yako ilifika siku nina wanawake barazani, nikawasomea, maana ilinifurahisha. Wengine Kiswahili hawakijui, basi Kaltham akawa anawafasiria kwa Kiarabu. Nilisema "mashua", yeye akasema "safina". Nilisema "maji yanapanda", yeye akapandisha maji. Mpaka nafika kwenye mlima, wote wamekaa wima, mmoja analia. Jioni mtaa mzima unajua kuwa Uingereza imeingia gharika, na Hashil wa Bi Fakhriya kaokoka ndani ya safina pamoja na bata. Ijumaa watu wamewaombea Waingereza dua. Halafu wakakusanya mablanketi ya kuwapelekea. Yote yako chumbani kwangu, mwanangu. Nalala ubavu, nikigeuka yananiangukia.

Nilipojaribu kuwaeleza kuwa hakuna gharika, ni falaji tu, ndiyo wakanitazama vibaya. Nani kapanda mashua ndani ya falaji? Falaji yetu hapa hata ndoo inakwama.

Sasa nakuomba kitu kidogo. Niandikie mistari miwili, kwa Kiarabu, mwandiko wa kusomeka, useme kwamba yale yalikuwa mzaha wa kumchekesha shangazi yako. Basi. Usiulize kwa nini, andika tu.

Wa Sur hawajambo.

Na huyo mzungu anakutilia nini kwenye chai?

Shangazi yako,
Fakhriya


Birmingham, 21 Juni 1983

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Huku jua halitaki kutua. Bi Enid ananionea huruma, kila akila biskuti anajificha nyuma ya gazeti. Masomo mazuri, mtihani wa kwanza nimeshinda. Mwambie Thabit asitie viatu vya ngozi, vitapasuka. Kwenye chai wananitilia maziwa.

Mistari uliyotaka siiandiki. Usinikasirikie. Mimi nilikuwemo ndani ya ile mashua, niliyagusa yale mawe kwa mkono wangu yakiwa yametota. Nitaandikaje kuwa ni mzaha? Wewe mwenyewe uliwahi kunitia pilipili mdomoni kwa uwongo wa andazi moja.

Kisha kuna jambo jingine. Khabari za friji umeziandika nusu ukurasa. Za Sur, maneno matatu. Mchumba wangu Ghaniya hukumtaja kabisa, wala baba yake. Kuna nini, Shangazi?

Nakutia picha aliyopiga Bwana Wilfred. Hapo mashua iko juu ya daraja, na huyo chini kabisa ni ng'ombe. Mwonyeshe yeyote asiyesadiki.

Hashil


Ibra, 26 Julai 1983

Hashil,

Idi imepita salama, alhamdulillahi. Tulichinja, tukala, tukatembelewa. Goti silisemi. Viatu vya Thabit vimepasuka kama ulivyosema, sasa anaiuza friji na hapana anayeitaka, inanuka soksi.

Nimekaa wiki nzima sijui nianze vipi, basi ntaanza tu. Mkweo Musallam alikuja hapa kabla ya Ramadhani, ndiyo maana nikakuandikia vile. Unamjua, mtu aliyekuwa nahodha umri wake wote, katoka Sur kafika Basra, kafika Unguja, kafika Malabari. Kakaa pale barazani na jambia lake kiunoni, kahawa hakunywa. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha bandarini, "Bi Fakhriya, nimesikia mchumba wa binti yangu kapanda mlima kwa chombo. Ama mwongo, ama kavuta kitu, ama akili zimemwenda. Nichagulie."

Nikamwambia, "Musallam, Hashil si mwongo."

"Basi umechagua," akasema, "lakini bado yamebaki mawili."

Akasema uchumba kauweka kando mpaka aelewe. Chombo anakijua yeye. Chombo kinashuka kikizama na kinapanda juu ya wimbi, mlima hakiupandi, na binti yake hatoki kwake kumfuata mtu anayesema kinapanda. Nilidhani ukiandika kuwa ni mzaha, mambo yatakwisha kimya kimya na wewe usijue kitu. Basi sasa unajua.

Ile picha ilipokuja nilifurahi. Nikampa Thabit, akanipeleka Sur na goti langu, gari inaruka juu ya mashimo njia nzima. Musallam akaitazama. Akaigeuza chini juu. Akaisogeza kwenye dirisha. Akasema ng'ombe ni wa kweli, daraja la kweli, chombo wamekibandika. Kisha akaniuliza, "Nani huyu mwanamke?"

Hashil! Kwenye picha nzima wewe huonekani. Aliyesimama nyuma kashika kana, mti wa usukani, anaongoza ni mwanamke, kavaa suruali, kichwa wazi, sigara mdomoni. Nikasema ni mama wa nyumba, mzee. Mkewe Musallam akasema hawa wazungu huwezi kuwajua umri. Sasa Sur nzima wanasema umeoa nahodha wa kike.

Na Ghaniya? Alileta tunda, akaweka sinia, akatoka. Macho hakunyanyua. Sikuweza kumsemesha mbele ya watu.

Nisikilize vizuri. Musallam anapelekwa London mwezi wa tisa, wamfanyie jicho lenye ukungu. Nenda kamtazame. Chukua zabibu, mbusu kichwa, mwulize hali. Mashua usiitaje. Hata yeye akiitaja, wewe usiitaje.

Fakhriya


Birmingham, 9 Oktoba 1983

Shangazi mpenzi,

Shikamoo sana, na Idi njema iliyopita. Barua yako ya Julai niliisoma mara nyingi, na sikuijibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na hasira ndani yake, nikakichana. Nisamehe kwa ukimya. Bi Enid anakusalimu. Nimemweleza kuwa anadhaniwa mke wangu, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakaa kwenye kioo muda mrefu.

Nimefanya ulivyosema. Nilikwenda London kwa treni na zabibu zangu. Ami Musallam nikamkuta amekaa juu ya kitanda cha hospitali, jicho moja limefungwa, kanzu yake nyeupe safi. Nikambusu kichwa. Nikamwuliza hali. Mashua sikuitaja. Akanitazama kwa lile jicho jingine, akasema, "Iko wapi?"

"Nini, Ami?"

"Unakijua ninachokiuliza."

Daktari alipomruhusu kutembea, nikamchukua nikamleta huku. Bwana Wilfred alitungoja mferejini kavaa tai. Ami Musallam akaipita mashua mwanzo mpaka mwisho kwa miguu, akaigonga ubavu kwa ngumi, akasema, "Hiki si chombo. Hili kasha." Akaingia. Akataka kujua tanga liko wapi. Akataka kujua bahari iko wapi. Bi Enid akampa chai. Akainusa, akaona maziwa, akainywa.

Tukaondoka kwa mwendo ule ule wa kutowaamsha bata. Kwanza alikuwa anaguta: tushike kulia, tushike kushoto, fungeni kamba ile. Bwana Wilfred hajui neno la Kiarabu wala la Kiswahili, naye akamjibu kila amri kwa Kiingereza, wakabishana hivyo mpaka wakazoeana. Kisha Bwana Wilfred akamwachia kana. Shangazi, ungemwona! Mtu aliyevuka bahari zote zile, kasimama wima kama yuko katikati ya tufani, na mtoto mwenye baiskeli ndogo anatupita njiani. Akayaparamia matete ya ukingoni mara moja tu. Akasema mfereji umejengwa upande.

Tukafika kwenye kilima. Mashua ikaingia birikani, milango ikafungwa, maji yakaanza kupanda. Akaweka kiganja juu ya ukuta uliotota, akawa anayatazama mawe yanavyozama moja moja.

"Nani anasukuma?" akaniuliza.

"Hapana mtu, Ami. Maji tu."

"Maji yanatoka wapi?"

"Yanashuka kutoka juu."

"Yanashuka."

"Ndiyo."

"Na sisi tunapanda."

"Ndiyo, Ami."

Mlango wa mbele ukafunguka na mfereji wa juu ukaonekana, umelala kimya kabisa. Akashusha pumzi. "Mwambie arudie," akasema.

Tukashuka, tukapanda tena. Akataka tena. Mashua zikapanga foleni nyuma yetu, watu wakatoa viti wakakaa kututazama, hapana aliyenung'unika. Safari ya tatu akataka kuufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kilichotokea baada ya hapo nimemwahidi kutokiandika, na sitakiandika. Nitasema tu kwamba maji ya mfereji huu ni ya kina kifupi, alhamdulillahi, na jicho halikuguswa. Kanzu tuliianika juu ya paa la mashua, ikapepea mpaka jioni. London alirudi amevaa suruali ya Bwana Wilfred na sweta alilolifuma Bi Enid, lenye bata watatu kifuani.

Kwenye stesheni alinishika mkono hakuniachia. Akaniambia, "Hashil, mimi maji nimeyajua tangu utoto, yameniulia ndugu wawili. Sikujua kuwa yanaweza kuwa na adabu namna ile." Macho yangu yalijaa, nikajifanya natazama treni. Akaendelea, "Nikifika Sur ntawaambia wote."

Basi mambo yamekwisha, Shangazi. Anarudi mwisho wa mwezi huu. Nenda kamsikilize.

Mwanao mwenye furaha,
Hashil


Ibra, 13 Novemba 1983

Mwanangu Hashil,

Barua yako imefika na nimeibusu. Kumeanza baridi hapa. Mablanketi nimewapa watu wa mlimani, Jabal Akhdar, nao wameuliza kama gharika ya Uingereza imekauka, nikasema imekauka. Nimepata chumba changu. Thabit kawapa wavuvi wa Qalhat ile friji, huko wanasema inanuka vizuri kuliko samaki wao. Kaltham siku hizi nikisoma barua namtoa nje.

Nimekwenda Sur. Nilikwenda na furaha yangu yote, nimejitia udi, nimebeba mkate wa sinia na sambusa. Nyumba imejaa watu waliokuja kumwangalia mgonjwa, wanaume upande wao, sisi wanawake chumba cha pili, mlango wazi kila kitu kinasikika. Musallam mzuri, jicho limefunguka, linang'aa. Mmoja akamwuliza, "Haya nahodha, na kile chombo cha kupanda mlima, ulikiona?"

Nikajiweka sawa nisikie.

Musallam akatazama ndani ya kikombe chake cha kahawa. Akasema, "Mimi jicho langu lilikuwa limefungwa."

Wakacheka wote, Hashil. Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Yeye hakucheka. Akangoja wamalize, kisha akasema, "Kijana wetu anapenda mzaha, hana baya. Harusi mwezi wa Mfunguo Saba, inshallah." Nao wakaitikia inshallah, na khalas, uchumba umerudi. Na wewe huko Sur sasa una jina, wanakuita Nahodha wa Jabali. Watoto wanalijua.

Damu ilinichemka. Nilinyanyuka na goti langu bovu, nimekusudia kutoka pale mlangoni nimwambie mbele ya wenzake, jicho moja lilifungwa, la pili je? Na suruali ya nani iliyo ndani ya sanduku lako, mkeo kaniambia umemwambia ni ya hospitali? Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Mtu akanishika mkono. Nikageuka, ni Ghaniya. Akasema, "Shangazi, njoo jikoni unisaidie." Jikoni hapakuwa na kitu cha kusaidiwa. Akafunga mlango, akafungulia bomba ili tusisikike.

Akaniambia, "Usimseme baba. Hawezi. Alijaribu siku ya kwanza, alianza kumweleza kaka yangu, kaka akamtazama tu, kisha akamwuliza kama dawa za hospitali zilikuwa kali. Hakurudia tena."

Nikamwambia, "Na Hashil ndiye abaki mwongo?"

Akasema, "Ngoja nikueleze nilichokiona."

Alikuwa juu ya dari anaanua nguo, na baba yake chini uani hajui kuwa yuko. Musallam kafunga mlango wa uani kwa komeo. Kaliendea lile hodhi la saruji la kufulia, katia mbao mbili katikati, kazibana kwa matambara. Kavua kandambili yake moja kaiweka kati ya zile mbao, kisha kachukua mpira wa maji akajaza upande wa juu. Halafu kachuchumaa, kafungua tambara kidogo kidogo, maji yakaingia. Kandambili ikanyanyuka. Ikapanda, ikapanda, mpaka maji yakalingana. Akaichomoa ile mbao ya mbele, akaisukuma kandambili kwa kidole kimoja, ikapita juu. Ghaniya anasema baba yake alikaa chini palepale kwenye maji, mguu mmoja mtupu, akacheka peke yake, na yeye tangu azaliwe hajamwona akicheka vile. Kisha akairudisha kandambili akaanza upya. Anafanya hivyo kila siku, mama yake anadhani anafua.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia, nikaiweka chini.

Nikamwuliza, "Basi wewe unasadiki?"

Akasema, "Kandambili imepanda, Shangazi. Nimeiona."

Kwa hiyo ukitaka kuja kubishana na Sur nzima, njoo ubishane. Huko nyuma yako utatukuta wawili, na mmoja ana goti. Ukiona haina haja, uwe Nahodha wa Jabali na unyamaze, mimi sitokutia pilipili tena. Wewe mwenyewe utaamua, umeshakuwa mtu mzima. Tarehe ya ndege niandikie mapema, Thabit aje uwanjani na gari iliyooshwa.

Kabla sijatoka jikoni Ghaniya akanipa neno nikufikishie. Alikuwa anaosha vikombe visafi, kanipa mgongo. Anauliza: mtu akiwa ndani, maji yanapomnyanyua, anasikia nini moyoni?

Mimi nikamwambia sijui. Hilo mjibu mwenyewe, na mwandikie yeye.

Shangazi yako akupendaye,
Fakhriya